Mtungi Chini ya Kitanda cha Soraya

Kama gazeti la juma lililopita lilikwenda kufungia ndakala sokoni, usijali. Samaki wamesoma kabla yako, na mimi nakurudishia kwa ufupi.

Mimi ni Faida, mjane wa kwanza wa marehemu Iliasi wa Kasongo. Soraya ni mjane wa pili. Miaka ishirini tulipigania mume mmoja. Mume alipokufa tukabaki na kitu kimoja cha kupigania kwa pamoja: sukari iliyoingia katika damu ya Soraya ikakataa kutoka.

Nilikueleza jinsi tulivyofunga nyumba Kasongo tukapanda pikipiki, vikongwe wawili nyuma ya dereva mmoja, hadi Salamabila. Huko kulikuwa kumefunguliwa kituo cha magonjwa yasiyopona. Kiliitwa Mafiga, kwa sababu kilisimama juu ya mawe matatu kama chungu. Jiwe la kwanza Serikali: ilitoa munganga, muuguzi wetu Anastasie. Jiwe la pili wanunuzi wa zahabu: walijenga nyumba, wakaleta frigo ya kuweka dawa baridini na sahani za jua za kuipa umeme. Jiwe la tatu watengeneza dawa wa ng'ambo: walileta insulini kwa bei ambayo hata mjane anaweza kulipa bila kuuza mabati ya paa.

"Dunia nzima sasa inapika hivi," walituambia siku ya kukata utepe. Tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga mpaka tansio ya damu ikapanda, wakanipima mimi wa kwanza.

Chungu kilisimama mwaka mmoja na miezi mitatu. Kisha wakaja vijana wenye bunduki, wakang'oa sahani za jua. Serikali ikasema ulinzi ulikuwa kazi ya wanunuzi. Wanunuzi wakasema ulinzi ulikuwa kazi ya Serikali. Wa ng'ambo wakaandika barua. Frigo likawa nyumba ya panya.

Munganga Anastasie akagawa chupa zilizobaki, akalia, akasema: "Kila mutu na baridi yake." Akaondoka na pikipiki ya mwisho.

Sisi tukakimbilia Wamaza, kwa Faradji, mdogo wake Soraya. Nilipokuachia ni hapo: tumefika, tuna chupa, hatuna frigo.

Sasa sikiliza, maana leo siwapigi wengine mawe. Leo naungama.

Dawa ile ikipata joto inakufa. Lakini mama yangu hakuwa na frigo, na maji yake yalikuwa baridi. Nikachukua mtungi mkubwa, nikauzika nusu katika sakafu chini ya kitanda cha Soraya. Ndani yake nikaweka mtungi mdogo. Katikati nikajaza mchanga wa mtoni. Asubuhi na jioni namwagia mchanga maji. Ukiingiza mkono mle, unafikiri umemshika chura.

Ndani kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo chupa nne. Tatu ni dawa. Ya nne ni maji ya kisima.

Usicheke. Anastasie alinipa ile ya nne nijifunze kuvuta kwa sindano, akaifunga uzi mwekundu shingoni nisikosee. Nilijifunzia juu ya papai bichi. Soraya alikuwa analala pale anaangalia, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Yaya," ananiita hivyo, yaani dada mkubwa, "papai inaendelea namna gani? Imepona?"

"Imepona. Lakini weye, kila siku uko unaiva."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Kila asubuhi nachoma Soraya, Soraya anaishi. Mara moja tu tulikosa dawa siku nne, njiani kwenda Salamabila, na siku ya nne alinitazama akaniuliza mimi ni nani. Sikutaka kuulizwa tena.

Basi kulikuwa na jirani, Jeanine, mama wa miaka thelathini na mitano, mwenye mgongo mpana na mdomo mpana zaidi. Mume wake anachimba kwenye mashimo ya ng'ambo ya mto. Jeanine alikuwa anauza mandazi, na habari alikuwa anagawa bure.

Siku moja kisimani, mbele ya wanawake saba, akasema: "Wajane wa Kasongo! Kilemba kizuri, sahani tupu."

Wanawake wakacheka. Mimi mtani wa watu tangu utoto, lakini utani nikitaniwa mimi unaniwasha kama upupu.

Kesho yake akaniona nabeba ndoo ya tatu ya maji.

"Mama Faida, kila siku unamwagia chini ya kitanda maji. Unapanda muchele mule?"

Sasa wewe msomaji wa mbali, elewa. Katika nchi ya zahabu, mtu akimwagia sakafu maji, ana sababu moja. Amechimba, amefukia, anataka udongo mpya ukae kama wa zamani. Hata mtoto wa kunyonya wa huku Kabambare anajua hivyo. Nami nilijua kwamba Jeanine anajua.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikashusha sauti kama mtu mwenye siri kubwa.

"Ni mali ya marehemu Iliasi," nikasema. "Usimwambie mutu."

Macho yake yakawa kama sahani mbili.

Wallahi, sikusema zahabu. Neno hilo halikutoka kinywani mwangu. Lakini siwezi kujificha nyuma ya neno ambalo sikulisema, wakati nililiona likimea kichwani mwake, nami nikalimwagia maji.

Jioni ile ile Jeanine akaleta sombe ya majani ya muhogo na samaki. Kesho yake unga. Keshokutwa akaniita "mama yangu muzazi". Siku tisa nilikula uongo wangu kwa mafuta ya mawese. Soraya akauliza: "Yaya, huyu Jeanine ana nini?" Nikamwambia amepata roho ya dini.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa.

Saa sita na nusu ya mchana wanaume wako msikitini, kijiji kimetulia, hata mbuzi wamelala. Nikasikia pikipiki. Si moja. Tatu.

Mlango haukufunguliwa. Ulianguka.

Wakaingia vijana wanne. Wa mbele ni mrefu kama mgomba, kichwa kinagusa boriti, na wenzake wanamwita Kadogo. Hata katika saa ile nilijiambia, aliyempa jina alikuwa mtani mwenzangu. Mkononi ana panga, begani bunduki.

"Wapi mutungi?"

"Mutungi gani, mutoto wangu? Hapa iko mitungi na iko mabibi. Yote imezeeka."

Kitako cha bunduki kikanijibu mdomoni. Jino langu la mbele, lililovumilia vita vitatu na mume mmoja, likaruka mpaka ukutani. Nikaanguka karibu na jiko.

"Wapi mutungi?"

Soraya kitandani akapiga kelele: "Muache! Ni muzee!"

Kadogo akaweka mguu chini ya kitanda akakipindua, kitanda na Soraya pamoja, kama mtu anayegeuza muhogo juani. Soraya akaangukia uso. Na pale, katikati ya sakafu iliyolowa, mdomo wa mtungi ukawa wazi mbele ya macho yote.

Wakacheka. Wakapeana mikono. Mmoja akasema: "Tumekuwa matajiri, bakubwa."

Kadogo akainua kitako cha bunduki akapasua mtungi. Mchanga ukamwagika. Akatia mkono, akatoa kopo. Akalipindua kiganjani, chupa mbili zikakaa mkononi, mbili zikaangukia mchangani.

Wakazitazama.

Akainua chupa moja kwenye mwanga wa mlango. Akaitikisa. Maji meupe, safi.

"Dawa," nikasema, damu ikinitoka mdomoni. "Ni dawa ya sukari. Mwenzangu huyu ni mugonjwa."

Kadogo akatabasamu. Nimeona watu wengi wakikasirika, lakini sijamwogopa mtu kama nilivyoogopa tabasamu lile.

"Mama muzee, unafikiri miye natoka wapi? Hii ni asidi."

Wenzake wakaitikia: "Asidi kabisa!"

Nikaelewa. Wanunuzi wa zahabu wana asidi ya kuisafishia na kuipimia, nyeupe kama maji, wanaiweka katika chupa ndogo namna ile ile. Kwa kijana aliyelelewa shimoni, chupa ndogo iliyofichwa ardhini haiwezi kuwa kitu kingine.

"Mwenye kuficha asidi ana or," akasema Kadogo, yaani zahabu. "Iko wapi?"

"Hakuna."

Akageuza panga, makali juu, mgongo chini, akanipiga mguu wa kulia kati ya goti na kifundo. Nikausikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Ulisema tak, kama kuni kavu.

Nililia. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nililia kwa Kiswahili, kwa Kizimba na kwa lugha ambayo hata mimi siijui.

"Iko wapi?"

"Mwaga!" nikapiga kelele. "Mwaga ile asidi yako mukononi mwangu! Kama ni asidi, itakula nyama. Mwaga, mujinga weye!"

"Yaya, hapana!" Soraya akalia kutoka chini. "Hapana, yaya, iko tatu tu!"

Alinielewa kabla ya mimi kujielewa. Lakini Kadogo alikuwa ameshang'oa kizibo kwa meno.

Akanishika mkono. Akamwaga chupa yote kiganjani mwangu.

Baridi. Baridi ya mtungi wangu mwenyewe. Ilijaa kiganja, ikapita kati ya vidole, ikaanguka mchangani. Siku ishirini za uhai wa Soraya, nikizitazama zikinywewa na sakafu.

Tukasubiri wote. Vijana wanne wamekodoa macho mkononi mwangu kama wanasubiri kifaranga kitoke yaini.

Hakuna moshi. Hakuna kidonda. Mkono wa bibi tu, mchafu, umelowa.

"Umeona?" nikasema.

Mmoja wa wale vijana akaanza kucheka. Alimcheka Kadogo. Na hapo nikajua nimekosea mara ya pili, maana mtu mwenye bunduki hupaswi kumshinda mbele ya wenzake.

Kadogo akatupa chini chupa ya pili aliyokuwa nayo. Akaweka kisigino juu. Akanitazama usoni, akakanyaga.

Kioo kilipasuka kidogo tu, kama mtu anayetafuna ukwaju.

Soraya hakupiga kelele tena. Alitambaa kwa tumbo, akafika, akaweka kidole juu ya ule unyevu, akakinusa. Insulini ina harufu yake, wenye kujichoma wanaijua.

Ndipo akaingia Faradji.

Alikuwa ametoka msikitini mbio, miguu wazi, pindo la kanzu amelishika mkononi. Mtu mpole Faradji. Maisha yake yote hakuwahi hata kuchinja kuku, alikuwa anamwita jirani.

"Jamani, kwa jina la Mungu, ile ni dawa ya mugonjwa!" Akainua mikono miwili juu. "Chukueni mbuzi. Chukueni mashine yangu ya kushonea. Mutungi hauna kitu, ni frigo yake huyu mama!"

"Frigo?" Kadogo akauliza. "Unanicheka weye pia?"

Alikuwa hamcheki. Nakuapia, Faradji alikuwa anasema ukweli mtupu, ukweli wa kwanza uliosemwa na mtu mzima katika jambo lile tangu mimi nilipofungua mdomo kisimani.

Kadogo akampiga risasi ya kifua kutoka mbali kama kutoka hapa mpaka pale kwenye mlango wako.

Faradji akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyechoka. Akamtazama dada yake. Akasema, "Soraya, usikanyage vioo." Halafu akainama mbele, kanzu ikawa nyekundu yote.

Mtani hajui utani wake unalala nyumba gani. Wangu ulilala kifuani mwa Faradji.

Mlio wa bunduki ukamleta mtu wa tano, aliyebaki nje juu ya pikipiki yake. Aliingia polepole, anachechemea. Nikamtambua. Nyie mliosoma kuanzia mwanzo mngemtambua pia.

Patron Pitchou. Mnunuzi wa zahabu. Siku ya kufungua Mafiga ni yeye aliyesimama mbele na mkasi, mkono kifuani, akasema afya ya raia ni or ya kweli. Aligombana na wanunuzi wenzake, akakusanya vijana, na sahani za jua za kituo zikaonekana juu ya mashimo yake zikivuta maji. Alikata utepe kwa mkasi, akaja kukata nyaya kwa panga.

Lakini Pitchou wa siku ya utepe alikuwa na tumbo na mashavu. Huyu alikuwa suruali iliyofungwa kamba. Kiatu cha kushoto kimekatwa mbele, vidole vimefungwa kitambaa, na kitambaa kinanuka. Mkononi bidoni ya maji ya lita tano. Alikunywa akiwa amesimama juu ya maiti ya Faradji, akanywa, akanywa, kama mtu anayejaza pipa. Akatoka nje ukutani kwenda haja ndogo. Akarudi. Akanywa tena.

Nikatazama ukutani kupitia mlangoni. Sisimizi walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Mimi si munganga. Nilisoma mpaka darasa la tano. Lakini ugonjwa ule nimelala nao chumba kimoja miaka kumi na moja.

"Or iko wapi?" Pitchou akauliza.

"Patron, hakuna or," akasema Kadogo. "Wametudanganya. Ni chupa tu."

"Chupa gani?"

Kadogo akaonyesha chini kwa mdomo. Pitchou akainama kwa shida, akaokota kipande chenye karatasi. Akasoma.

Akainuka akampiga Kadogo kofi ambalo lilimfanya agonge boriti. Akampiga la pili. La tatu akampiga na bidoni, maji yakamwagikia sote.

"Wiki mbili natafuta hii! Kasongo hakuna! Kindu wananiambia subiri ndege! Nimekutuma or, umekanyaga uhai wangu!"

Kadogo alikuwa ameshika shavu kama mtoto wa shule.

Pitchou akachomoa bastola akampiga risasi ya paja. Hivi hivi, bila kusema lingine. Kadogo akaanguka juu ya kitanda kilichopinduka, analia anamwita mama yake. Wenzake hawakusogea.

"Iko zingine?" Pitchou akaniuliza mimi.

Sasa fungua macho yako vizuri.

Zile chupa mbili zilizoangukia mchangani, hakuna aliyezikumbuka. Zilikuwa karibu na goti langu. Moja ilionyesha uzi mwekundu. Nyingine ilionyesha kizibo tu.

Moja dawa. Moja maji ya kujifunzia.

Nikajikokota kama ninayetafuta. Kiganja cha kushoto nikakiweka juu ya ile ya kweli, nikaisukumia chini ya mchanga. Kwa mkono wa kulia nikainua ile yenye uzi.

"Imebaki moja, patron."

Akaipokea kwa mikono miwili. Mikono miwili, msomaji, kama anayepokea mtoto wa kwanza.

"Na ile uzi ni ya nini?"

"Njo alama, ndiyo alama ya ile yenye nguvu. Munganga Anastasie alifunga mwenyewe."

Nilijisikia mjanja. Jino limetoka, mguu umevunjika, shemeji yangu amelala katika damu yake, na bado kichwani nilijipongeza: Faida, umemshinda. Ataondoka na maji ya kisima, Soraya atabaki na uhai.

Nikakumbuka na maneno, nikayarusha. "Patron, frigo ya Mafiga ingekuwa inafanya kazi, ungekuwa unajichoma kila asubuhi, unakula na samaki. Sahani za jua ziko wapi?"

Alitazama chupa. Nadhani ni mara ya kwanza alipiga hesabu ya jambo lile mpaka mwisho.

Halafu akainua kichwa, akamtazama Soraya.

"Huyu njo mugonjwa?"

"Njo huyu," nikasema.

"Anajua kujichoma?"

Nikakandamiza mchanga kwa kiganja.

"Mumupandishe ku pikipiki," Pitchou akawaambia vijana. "Sina mutu wa kunichoma, na siamini bibi mwenye ulimi kama huyu. Tukifika Salamabila, mama huyu atajichoma wa kwanza. Chupa hii hii. Nikiona anabaki muzima, atanichoma na miye."

"Munichukue miye!" nikasema. "Miye njo nachoma! Yeye hajui!"

"Weye na ule muguu?" Akacheka kidogo. "Bibi, umeshafanya kazi ya kutosha."

Nifanye nini? Niambie wewe, umekaa hapo na chai yako.

Nikisema "hiyo ni maji", anajua nimemdanganya. Atanipiga risasi mimi, atampiga Soraya, atachimbua mchanga, atachukua ya kweli. Nikinyamaza, Soraya anakwenda kuchomwa maji ya kisima, na sukari itapanda siku kwa siku mpaka amuulize Pitchou yeye ni nani.

Mimi Faida, ambaye sijanyamaza tangu nizaliwe, siku ile nikanyamaza.

Wakamwinua Soraya kwa makwapa. Alipita juu ya mdogo wake, akamfunika uso kwa mtandio wake mwenyewe, akabaki kichwa wazi. Hakulia. Mlangoni Pitchou alikuwa amesimama, chupa ameishika kifuani.

Soraya akaiona. Akauona uzi.

Macho yake yakashuka kwenye uzi, yakaja kwangu, yakashuka kwenye kiganja changu kilichokandamiza mchanga. Alikuwa ameniona nikichoma papai kwa chupa ile miezi mizima. Angeweza kusema neno moja.

"Yaya," akasema, kwa sauti ya kila siku, "usisahau kumwagia mutungi maji."

Mtungi ulikuwa vipande saba.

Wakaondoka. Pikipiki tatu, Kadogo amefungwa nyuma ya moja kama gunia la mkaa, Soraya katikati ya vijana wawili, kichwa wazi juani.

Nikachimbua chupa. Nzima. Nikaokota kigae kikubwa cha mtungi, nikaweka mchanga uliolowa, nikailaza humo, nikafunika kwa upande wa kilemba changu. Kisha nikamtambalia Faradji nikamfumba macho. Nilimwomba msamaha, lakini masikio yake yalikuwa yamefungwa.

Mlangoni kukawa na kivuli. Jeanine.

Aliona Faradji akaziba mdomo. Aliona mtungi. Aliona kwamba hakuna hata punje ya kitu kinachong'aa.

"Mama Faida… or iko wapi?"

"Haikuwako, Jeanine. Nilikudanganya. Ulinicheka kisimani, nikakudanganya."

Akakaa chini kwenye kizingiti.

"Nilimwambia mume wangu," akasema. "Yeye peke yake. Yeye njo alimwambia Pitchou."

Tukabaki hivyo, waongo wawili na maiti mmoja.

Nikamweleza yote. Chupa ya uzi, chupa ya kweli, Soraya juu ya pikipiki. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo katika Jeanine sijawahi kuliona.

"Pitchou atajua kisha siku ngapi kama ni maji?"

"Ya pili. Ya tatu, Soraya akiwa na nguvu."

"Na pikipiki hapa Wamaza hakuna. Wenye kuwa nazo wamekimbia nazo waliposikia bunduki." Akatazama kigae. "Basi hii njo ya kweli. Moja tu hapa yote."

"Moja tu."

"Pitchou anaweza kutoa nini kwa hii?"

Nilimtazama. Alitazama pembeni.

"Kwa miguu, Salamabila ni siku mbili," akasema haraka. "Kwa mwenye miguu yote miwili."

Sote tukautazama mguu wangu.

Jeanine akasimama, akaufunga kwa vijiti vya kitanda na kitambaa, akiniambia nipige kelele kama nataka. Nilipiga. Akaita wanaume waliokuwa wanatoka msikitini waje kumchukua Faradji. Kisha akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, akafungua kitenge chake kiunoni.

"Panda, mama."

Nina miaka sabini na miwili, nikafungwa mgongoni kama mtoto wa miezi sita. Kigae nimekishika mbele ya kifua chake, juu ya bega. Alitembea kama punda, bila kusimama, na mimi nikiumwagia mchanga maji kutoka katika chupa ya maji aliyobeba Jeanine kila nilipoona umekauka. Nikaanza kumpenda. Nikaanza hata kumtania, nikamwambia akikojoa njiani nitaanguka.

Hakucheka.

Tukafika penye njia mbili, nyuma ya migomba ya mwisho. Njia ya kulia inakwenda Salamabila. Ya kushoto inakwenda mtoni, kwenye mashimo ya mume wake, yeye aliyempelekea Pitchou habari za mtungi wangu.

Jeanine akakata kushoto.

"Jeanine. Salamabila ni kulia."

Mikono yake ikabana miguu yangu, ule mzima na ule uliovunjika.

"Najua, mama," akasema, macho kwenye kigae, na hakusimama.